Maana ya jina Luay, kutoka kwa mzazi aliyempa mwanawe

Umeuliza kama Luay ni jina la Kiarabu kweli, maana yake ni nini, na kama linafaa kwa mtoto wa kiume mnayemtarajia mwezi ujao. Linafaa, tena ni la Kiarabu cha kale hasa. Mwanangu wa kwanza anaitwa hivyo, sasa ana miaka 11, na kabla ya kumpa nililihangaikia kama unavyohangaika wewe.

Jina lenyewe huenda umeshalisikia mara nyingi bila kuliwekea maanani. Kwenye Maulidi ya Barzanji, msomaji akifika kwenye nasaba ya Mtume (s.a.w.) hupita kwa Murra bin Kaab bin Luayy bin Ghalib bin Fihr. Ukianza kuhesabu kwa Abdallah, Luayy ni wa tisa. Sayyidna Umar bin al-Khattab anakutana na Mtume hapo hapo, kwa Kaab bin Luayy, na Bibi Sauda bint Zam'a, mke wa Mtume, ni wa ukoo wa Amir bin Luayy. Ila usiwaambie watu kwamba umemwita mtoto jina la sahaba. Luayy huyu aliishi vizazi vingi kabla ya Uislamu.

Sasa maana. Umbo lake ni lile ambalo Waarabu hulitumia kukifanya kitu kiwe kidogo, mara nyingi kwa mapenzi. Ndilo linalotoa Husein kwenye Hasan, na Ubeid kwenye Abd. Wanaposhindana wanazuoni ni juu ya neno lililofanywa dogo. Ibn al-Anbari, mwanachuoni wa lugha ya Kiarabu, alisema ni fahali mwitu. Ukisikia hivyo utafikiria nyati, lakini fahali mwitu wa washairi wa Kiarabu ni choroa, yule mweupe wa jangwani mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Oman walimalizika porini mwaka 1972, wakarudishwa 1982.

As-Suhayli, mwanachuoni wa Andalusia aliyefariki 1185, hakukubali. Kwake yeye asili ni la'y, yaani kukawia, jambo kupatikana taratibu na kwa taabu. Neno hilo limo kwenye Mu'allaqa, yaani shairi refu mashuhuri, la Zuhayr bin Abi Sulma, mshairi wa kabla ya Uislamu. Zuhayr anasimama kwenye mahame ya Umm Awfa, mkewe wa zamani, baada ya miaka 20, hapatambui, anaangalia na kuangalia, na kwa la'y ndipo anaijua nyumba.

Mimi nimeshika kauli ya as-Suhayli, na nina sababu yangu. Tulikaa na mke wangu miaka minane bila mtoto. Alipozaliwa huyu, siku ya tatu mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, mzee aliyenifundisha alifu kwa ubao na kijiti, alikuja kumwona. Tulikuwa tumeandika majina kumi na tuko katikati ya kubishana. Mzee hakuyasoma. Alibandua karatasi ya kalenda ukutani, akaigeuza, akaandika kwa penseli: lamu, wau yenye hamza (alama ya kukata pumzi) juu yake, kisha ye yenye shada (alama ya kukaza herufi). Akaweka kidole kwenye ile hamza, akasema, "Jina liko hapa. Ukiimeza hii, umelimeza lote." Halafu akatusomea ule ubeti wa Zuhayr na kutufasiria. Mke wangu alikuwa amejilaza amegeukia ukutani, nikadhani kalala. Akasema, "Basi ndiye huyo." Siku ya akika tukamwita Luay. Karatasi ile ninayo hadi leo.

Kama nyumbani kwenu mna damu ya Oman, kuna jambo jingine. Wapokezi wa sira, yaani habari za maisha ya Mtume, wanasimulia kwamba Sama, mmoja wa wana wa Luayy, aligombana na nduguye Amir akashika njia ya Oman. Ngamia wake aliinama kula majani, nyoka akamkamata mdomo na kumwangusha, kisha akamng'ata Sama naye akafa. Huko kulikuwa na watu waliojinasibisha naye, ingawa wanasaba wengine hawakuwakubalia kuwa ni Makureshi, kabila la Mtume.

Nikutahadharishe juu ya maandishi, maana hapo ndipo tulipoumia. Cheti cha kuzaliwa kilitoka na LOUIS. Karani aliona nimekosea, akanisahihishia bila kuniuliza, na nilirudi mara nne mpaka kikabadilishwa. Chagua mwandiko mmoja, uandike kwa herufi kubwa, na usome cheti hapo hapo dirishani kabla hujaondoka. Ukikutana na Loay au Louay, jina ni hilo hilo. Mwandiko wa Louay umekaa Kifaransa na utauona sana kwa Wasyria, ambao kwao si jina geni hata kidogo: Luay al-Atassi aliiongoza Syria kwa miezi michache mwaka 1963.

Na wafundishe bibi zake kulitamka mapema. Sema Lu, kata pumzi kidogo, kisha ay. Mama yangu alianza na Luwai na ameng'ang'ania hapo, mtoto humwitikia vivyo hivyo. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuiacha ile hamza. Alikuwa akimwita kutoka barazani, na mtoto akiisikia ile pumzi ikikatika anajua ni nani, anaacha mpira na kukimbia.