Bosi akikamatwa mtaa haulali

Mhariri, wiki hii mmeuliza polisi wafanye nini ili risasi na magenge ya unga yapungue mitaani, wakamate mabosi au wafagie mtaa mzima. Mi naona vyote viwili vinapendeza kwenye taarifa ya habari ila yule kijana anayefyatua hata havimnyimi usingizi, anachokiogopa yeye ni kufuatwa kwa ile risasi aliyopiga juzi, na hapo ndo penye kazi.

Tuanze na mabosi. Mexico walijaribu sana hii, Desemba 2006 rais Felipe Calderón akaingiza jeshi kwenye vita ya dawa za kulevya na wakubwa wengi kweli wakakamatwa au kuuawa, sasa kila mkubwa akiondoka vijana wake wanagombania njia na mzigo wanaanza kumalizana wenyewe kwa wenyewe, mauaji ya 2007 yalikuwa karibu 8,900 ila 2011 yakapita 27,000. Sisemi sababu ni hiyo tu, bunduki zinazovushwa kutoka Marekani nazo zimo. Lakini fikiria, biashara ya unga haina mkataba wala mahakama, ukidhulumiwa mzigo utaenda kumshtaki nani? Bunduki ndo hakimu wao. Bosi akiwepo angalau kuna mtu wa kukata ugomvi (sijasema ni mtu mzuri jamani, msininukuu vibaya).

Kwenye kufagia mtaa mzima najua kuna atakayenitajia El Salvador, kale kanchi ka Amerika ya Kati. Haya, Machi 2022 magenge ya kule yaliua watu 87 ndani ya siku tatu, serikali ikatangaza hali ya dharura na mpaka leo wamekamatwa zaidi ya watu 80,000, na mauaji yameshuka kwelikweli, sibishi hata kidogo. Ila serikali yenyewe imekiri kwamba maelfu waliachiwa baada ya kuonekana hawana hatia, na hao walishasota ndani miezi. Rahisi kushangilia kama aliyebebwa sio mwanao.

Mfano ninaoupenda mi ni wa Boston, Marekani, miaka ya 90. Watafiti na polisi walikaa chini wakahesabu nani hasa anaua, wakakuta magenge kama 61 yenye vijana wapatao 1,300, hawafiki hata asilimia 1 ya vijana wa mji ule, lakini ndo waliohusika na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Yaani mji mzima unaogopa kutoka kwa sababu ya watu unaoweza kuwaingiza kwenye ukumbi mmoja! Na kweli 1996 wakaanza kuwaita vijana hao vikaoni, mbele ya polisi, waendesha mashtaka, wachungaji na watu wa mtaani wanaowafahamu kwa majina, wakaambiwa wazi kwamba mmoja wenu akifyatua genge lote litabanwa, mauzo yenu, kesi zenu za zamani, kila kitu, na anayetaka kutoka kazi na shule zipo tutamsaidia. Mauaji ya vijana yakashuka kwa asilimia 63. Kilichoniuma ni kwamba ilipofika 2000 mpango wakauacha, watu wakahamishwa vitengo, na risasi zikarudi, wakaja kuufufua 2007.

Ila kitisho kama kile kinafanya kazi pale tu kijana anapoamini kwamba kweli atajulikana ni yeye. Kila bunduki inaacha alama zake kwenye ganda la risasi pale kichuma cha kufyatulia kinapogonga kitako cha ganda, kwa hiyo ukiokota maganda ya Jumatatu na ya Ijumaa ukayalinganisha kwa hadubini unaweza kujua ni bunduki moja inayozungushwa kwa mikono mitano. Sasa kama hakuna aliyekufa mara nyingi hata maganda hayaokotwi, wanasema si amejeruhiwa tu mguu, jalada linafungwa, na huyo wa mguu akipona analipiza mwenyewe maana kaona hamna aliyemtafuta adui yake. Mauaji mengi ya magenge yanaanzia kwenye mguu kama huo.

Halafu kuna shahidi. Tunapenda kulalamika wananchi hawatoi ushirikiano, eti wanaficha wahalifu. Mama aliyeona kila kitu dirishani anamjua muuaji, anamjua mpaka bibi yake, lakini anajua pia akisema leo maelezo yake yanaweza kuvuja kituoni kabla wino haujakauka, na kesho asubuhi anapita kijiwe kilekile kununua mkaa. Mpeni mpelelezi mmoja anayemjua, asiyehamishwa kila baada ya miezi mitatu, na gari la kumtoa pale na wanae usiku huohuo. Bila hivyo akiulizwa atasema alikuwa amelala, na mi ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo.