FANM ya Miami ilianza 1991, si baada ya tetemeko

Wapo wanaodai kwamba FANM, shirika la wahamiaji wa Haiti mjini Miami, Marekani, lilianzishwa baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la 2010. Hapana, hilo shirika halikuzaliwa na tetemeko hilo. Marleine Bastien alianzisha Fanm Ayisyen nan Miyami, yaani Wanawake wa Haiti wa Miami, mwaka 1991. Yeye mwenyewe alihamia Marekani kutoka Haiti mwaka 1981, akasomea ustawi wa jamii na kufanya kazi hospitalini Miami, kwa hiyo shida za akina mama wahamiaji alizijua muda mrefu kabla nyumba za Port-au-Prince hazijaanguka.

Nadhani mkanganyiko unatokana na TPS, kile kibali cha ulinzi wa muda cha Marekani, kinachowaruhusu wageni ambao nchi zao zimepatwa na maafa kubaki huko. Wahaiti walipewa siku chache tu baada ya tetemeko la Januari 2010, na jina la Bastien likasikika sana kipindi hicho.

Na wale mnaosema shirika hili ni la wanawake tu, jina lilishabadilishwa kuwa Family Action Network Movement. Ukipekua kesi ya Saget dhidi ya Trump utalikuta kwa jina hilo kati ya wadai. Ndiyo kesi ambayo mwaka 2019 jaji wa Brooklyn alizuia TPS ya Wahaiti isifutwe.

Ila msimwite Bastien mbunge. Alijaribu kugombea Bunge la Marekani mwaka 2010, akashindwa na Frederica Wilson kwenye mchujo wa chama cha Democratic. Kiti alichoshinda mwaka 2022 ni cha kamishna wa Kaunti ya Miami-Dade, wilaya ya 2.