Jibu: Kusinzia dukani saa tano asubuhi
Pole dada. Umesema ikifika saa tano unasinzia dukani na una hasira za karibu, na asubuhi ulikunywa chai ya sukari na maandazi mawili. Mimi naanzia hapo hapo. Unga mweupe na sukari hupandisha sukari ya damu haraka, kisha ikishuka uchovu unaingia, na ubongo peke yake unatumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili. Hapa Moshi asubuhi nimerudia kiburu cha nyumbani, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, sahani moja tu, na saa saba inanikuta bila usingizi, kichwa chepesi. Chai kunywa saa moja baada ya kula, maana ikinywewa pamoja na chakula inapunguza ufyonzaji wa madini ya chuma. Uchovu ukiendelea, tafadhali kapime damu na sukari.