Altezza ya zamani, baridi ya Uyole na oili inayoifaa

Peleka gari la mwaka 1999 au 2000 gereji yoyote pale Mwanjelwa, Mbeya, na kabla hujazima injini utaambiwa uweke 20W-50. Sababu ni ileile siku zote: gari limechoka, linataka oili nzito. Kwa injini ya michezo ushauri huo naupinga kabisa, hasa kwetu huku nyanda za juu.

Ninaendesha Toyota Altezza RS200, ile yenye injini ya 3S-GE. Injini hii ina VVT-i, yaani mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, kwenye kemshafti zote mbili, na kinachouendesha mfumo huo ni presha ya oili yenyewe, ikipita kwenye njia nyembamba na valvu yenye chujio dogo. Oili ikiwa nzito mno au ikijaa tope, kemu zinachelewa kuitikia. Unakanyaga, gari linasitasita, kisha fundi anaanza kubadilisha plagi na koili ambazo hazina kosa.

Aliyeniuzia alikuwa mtu wa 20W-50. Asubuhi za Juni na Julai hapa Uyole, kipupwe kikikaza, nikiwasha tu nasikia tki-tki-tki juu kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, na taa ya oili inakawia kuzimika. Oili ilikuwa bado inajikokota kutoka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Nilipohamia 5W-40 ya sintetiki, mlio ule ukaisha. Uchakavu mwingi wa injini hutokea katika dakika hizo za mwanzo, na sisi tunaoishi kwenye mita kama 1,700 tunazipitia kwa ubaridi ambao mtu wa Dar es Salaam haujui.

Wanaosema "5W ni maji" wanachanganya namba mbili. Namba iliyo kabla ya W inaeleza oili inavyokwenda ikiwa baridi. Ya pili inaeleza uzito wake ikifika nyuzijoto 100. Kwa hiyo 5W-40 na 15W-40 injini ikishapata moto zote ni 40, tofauti yao ni asubuhi. Unayetaka kulinda injini ya zamani usipandishe namba ya kwanza. Itazame ya pili.

Na hiyo ya pili? Anza na kitabu cha gari. Hata kama kimeandikwa Kijapani, jedwali la joto na namba za oili utalisoma bila shida. Kama injini ni nzima na unazunguka mjini tu, 30 inatosha pale kitabu kinapoiruhusu. Mimi nakaa kwenye 40 kwa sababu napanda mara kwa mara kutoka Kyela kupitia Tukuyu na Kiwira hadi Isyonje, zaidi ya mita 1,000 za mlima, mizunguko ya injini ikiwa juu na oili ikichemka kwelikweli. Tena viwango vipya vya API, taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, vilibana fosforasi ili kulinda katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi, na kikomo hicho kinazigusa oili nyepesi kama 5W-30 kuliko za 40. Kemu za zamani zinazosugua tapeti zinaihitaji fosforasi hiyo pamoja na zinki. Mwenye Subaru Impreza ya tabo asiguse oili ya madini hata kidogo. Sintetiki inavumilia zaidi joto la tabo kabla ya kuganda kuwa masizi, na ukimaliza kupanda mlima iache injini iungurume kidogo kabla ya kuzima.

Kwenye kopo tafuta herufi za API. S ni ya petroli, C ni ya dizeli. SN ilikuja 2010, SP 2020. Nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia, na kagua sili ya kifuniko.

Kama gari linakula oili, usikimbilie 50 kabla hujajua inapita wapi. Mwambie rafiki akufuate mkiteremka Isyonje kwenda Kiwira. Moshi wa bluu ukitoka pale unapokanyaga tena baada ya mteremko mrefu, shuku sili za valvu. Ukitoka muda wote unapovuta mlima, shuku ringi za pistoni. Fungua pia plagi: kwenye 3S gasketi ya tapeti kava ikichoka, oili hujaa kwenye mashimo ya plagi, na gasketi hiyo ni kazi ndogo. Oili nzito itapunguza moshi kwa muda, lakini ringi zitabaki zilivyo.

Oili naipima kwa kijiti chake kila ninapojaza mafuta, gari likiwa sehemu tambarare na injini imetulia dakika chache. Kati ya alama mbili, kwa magari mengi, ni karibu lita moja. Gari la michezo halitakiwi kukaa kwenye alama ya chini. Ukikata kona kali kwa kasi, oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, pampu ikavuta hewa, na beringi za krenki zikakauka wakati wewe unatazama barabara. Mimi huiweka karibu na alama ya juu bila kuivuka, na oili naimwaga pamoja na filta kila kilomita 5,000, hata kama kopo linaahidi 10,000.