Tulitia sahihi, mtaro hatukuuona

SWALI: Shikamoo, Mzee. Mimi nauza mahamri na mbaazi kando ya soko, Majengo. Tuliitwa mkutano wa bajeti, tukaomba mtaro maana mvua ikinyesha maji hutufika magotini. Tulitia sahihi, tukapewa soda. Bajeti imetoka, mtaro haumo. Je, sahihi zetu ndizo zilizoipitisha?
– Mama Mahamri, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. La. Ile ni orodha ya waliohudhuria tu, si kibali. (Soda nayo si kibali, ingawa wako wanaoitumia hivyo.)

Kosa la wengi ni kusema mara moja kisha kurudi nyumbani. Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na yanatakiwa kupitishwa kabla ya Juni 30. Hapo katikati, kamati ya bajeti yapaswa kusikiliza wananchi. Mwezi wa Mei ndio wa kurudi, tena kwa maandishi: eneo gani, maji yanatoka wapi, nani wanaumia. Peleka kwa karani wa bunge, nakala yako igongwe muhuri.

Kwa sasa, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, yakuruhusu kuwasilisha ombi rasmi bungeni. Mitaro ya maji ya mvua mijini ni kazi ya kaunti kikatiba, kwa hivyo usikubali kusukumwa Nairobi. Mwakilishi wa wadi naye mpe nakala, akiwa anasimama kula mahamri yako.