Chapa ya Paolozzi ina nukta nukta, ni feki?

Mkuu, umesema chapa (picha iliyochapwa kama kazi ya sanaa) ya msanii Mskoti Eduardo Paolozzi uliyoonyeshwa ukiisogelea unaona nukta nukta kama gazeti, ukahisi ni feki. Usiiache haraka. Mimi niliacha moja kwa sababu hiyo hiyo na mpaka leo roho inaniuma.

Mwaka wangu wa kwanza kukusanya, hapa London, duka moja liliniuzia "chapa ya miaka ya sitini" kwa pauni 180, fremu inang'aa. Kufika nyumbani, kutoa fremu, nyuma kuna maandishi na namba 44. Ukurasa wa katalogi ya maonyesho! Tangu hapo nikajifanya mjuaji: nikiona nukta, naondoka. Ndivyo nilivyoipita chapa halali kabisa.

Nilisahau kazi ya Paolozzi ilitokana na nini. Alipoishi Paris mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akikata picha kwenye majarida ya Kimarekani: matangazo, magari, warembo. Na picha ya gazeti ukiikuza, nukta zake nazo zinakua. Baadaye Chris Prater wa karakana ya uchapaji Kelpra Studio akawa anamchapia kwa skrini, yaani wino unasukumwa kupita kwenye kitambaa cha wavu, njia ile ile ya fulana za kampeni kwetu, ila huyu alikuwa fundi haswa. Seti ya As Is When ya 1965, chapa 12, ilitoka kwake.

Kwa hiyo chukua lenzi uangalie nukta yenyewe. Ya skrini ni kubwa, ya rangi moja iliyojaa. Inamisha karatasi dirishani: wino umekaa juu, na rangi zinapopandana mng'ao unabadilika. Ya katalogi ni vinukta vya bluu, waridi, njano na nyeusi vimejipanga kama kiua, na karatasi ni bapa tupu.

Angalizo: seti ya Bunk usiipime hivyo. Ilichapwa 1972 kutokana na kolaji (picha za vipande vilivyokatwa na kubandikwa) za 1947 hadi 1952, na mle kuna litografia pia, uchapaji wa bamba bapa ambao wino wake haunyanyuki kama wa skrini. Muuzaji akikwambia "hii ni ya 1947", anakutajia mwaka wa kolaji, bei anakupigia ya ndoto.

Sahihi ya msanii kwa penseli? Isikutoshe, penseli hata mimi ninayo.

Omba itolewe kwenye fremu, piga picha ya nyuma na kingo zote nne, weka hapa tuitazame.