UTI sugu (maambukizi ya njia ya mkojo yasiyosikia dawa): kijidudu kina pa kushikwa

Dadangu wa Likoni, majibu ya kipimo cha mkojo uliyoniandikia yaonyesha bakteria aitwaye E. coli, anayetoa kimeng'enya cha kuvunja antibiotiki ya seftriaksoni, na antibiotiki ya sipro pia haimwezi. Lakini kimeng'enya hicho hakiigusi nitrofurantoini, antibiotiki nyingine ambayo humshambulia kijidudu sehemu nyingi kwa pamoja; ndiyo maana usugu dhidi yake ni nadra. Mwonyeshe daktari karatasi hiyo. Kawaida huandikwa nitrofurantoini ya 100 mg ya kuyeyuka polepole, mara mbili kwa siku, siku 5, pamoja na chakula. Mkojo ukigeuka kahawia usishtuke. Haifai figo zikiwa dhaifu, wala mwishoni mwa ujauzito. Ukipata homa na maumivu ya ubavuni, kimbia hospitali: dawa hii haijikusanyi vya kutosha ndani ya figo. Na kemisti wakikupa sipro tena, usinunue.